Mjadala: Adwa ililipwa na nani? Sanamu ya Menelik na deni la Kusini

Ndugu zangu, hamjambo.

Kila mwaka ikikaribia tarehe 2 Machi, simu yangu hujaa picha ya mzee mmoja mwenye ndevu na kofia pana. Ni Menelik wa Pili, mfalme wa wafalme wa Uhabeshi, mshindi wa Adwa. Hutumwa na marafiki wa Dar es Salaam, Kampala na Bujumbura, hata walioko Toronto, na chini yake maneno ya fahari. Mwaka huu nilijibu kwa sentensi moja tu: mfalme huyu ndiye aliyewateka watu wa nyanya yangu. Niliitwa kibaraka, nikaitwa mkabila, na mmoja akataka kujua Waitaliano wamenilipa shilingi ngapi.

Basi nimeona niandike kwa urefu, kisha kila mtu aseme lake. Swali la mjadala ni hili: ile sanamu ya Menelik akiwa juu ya farasi, pale Piassa katikati ya Addis Ababa, ibaki au iondolewe? Waamhara wengi wanasema atakayeigusa ameligusa taifa. Waoromo wengi wanasema haiwezekani mtu aliyekutwalia ardhi awekwe juu ya farasi kwenye ardhi ile ile, nawe upite chini yake kila asubuhi ukienda kazini. Mimi nasema ibaki. Ila sababu zangu hazitawafurahisha sana wanaoitetea.

Nianze na Adwa yenyewe, maana sitaki mtu adhani nakuja kuipunguza.

Mwaka 1889 Menelik alitia saini mkataba na Italia huko Wuchale. Ibara ya 17, kwa Kiamhara, ilisema mfalme anaweza kuwatumia Waitaliano kuwasiliana na mataifa mengine akipenda. Kwa Kiitaliano ilikuwa lazima. Kwa tofauti ya neno hilo moja, Roma ikautangazia Ulaya kwamba Uhabeshi iko chini ya ulinzi wake. Menelik aliukana mkataba. Mkewe, Malkia Taytu Betul, alikuwa mkali kuliko yeye. Januari 1896, Waitaliano walipojifungia ndani ya ngome ya Mekele, ndiye aliyeshauri wakatiwe maji, na kiu ikawatoa ngomeni. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi, Jenerali Baratieri akawatembeza askari wasiofika 20,000 katika milima wasiyoijua. Ramani yao ilikuwa mbovu, ikawachanganya jina la kilima, na kikosi cha Jenerali Albertone kikatangulia mbali peke yake. Kulipopambazuka, Wahabeshi wapatao 100,000 walikuwa wanawangoja. Siku ilipokwisha, majenerali Arimondi na Dabormida walikuwa wamekufa, Albertone ametekwa, waliosalia wanakimbilia Eritrea. Serikali ya Waziri Mkuu Crispi ilianguka Roma siku chache baadaye, na Oktoba mwaka huo huo Italia ikakiri kwa maandishi kwamba Uhabeshi ni nchi huru.

Nasisimka hadi leo nikisoma hayo. Wakati babu zetu wa Mombasa na Bagamoyo tayari wanaishi chini ya bendera za Waingereza na Wajerumani, kulikuwa na nchi moja iliyokataa, ikapigana, ikashinda, ikatambuliwa. Fahari hiyo ni halali, na hata mimi ni yangu.

Lakini jeshi la watu 100,000 lilibeba bunduki. Bunduki hizo zilinunuliwa kwa fedha gani?

Shewa, nchi ya Menelik kabla hajawa mfalme wa wote, ilikuwa ufalme wa milimani usio na bandari wala kiwanda. Bunduki zilikuja kutoka kwa wafanyabiashara wa Kifaransa na wa Kiitaliano kupitia pwani ya Bahari ya Shamu. Serikali ya Italia yenyewe ilimpa maelfu yake miaka ya 1880, ikidhani inamlea rafiki. Na wafanyabiashara hawakuja kwa mapenzi. Walitaka pembe za ndovu, dhahabu, zabadi, kahawa na ngozi, na njia zile zile zilipitisha pia watu wa kuuzwa. Sehemu kubwa ya mali hiyo haikutoka Shewa. Ilitoka kusini na magharibi: nchi za Waoromo kando ya mto Gibe, Wellega, Kaffa, na huko mbele zaidi.

Kwa hiyo alikwenda kusini. Kuanzia 1882 hadi 1886 majeshi yake yalipigana na Waoromo wa Arsi, msafara baada ya msafara, chini ya ami yake Ras Darge. Waarsi walikuwa na mikuki na farasi, wenzao wana bunduki, na bado iliwachukua miaka minne kushindwa. Januari 1887 alimpiga Amiri Abdullahi huko Chelenqo na kuutwaa Harar, mji wa Kiislamu wa karne nyingi, na pamoja nao lango la forodha la biashara yote ya mashariki. Wolaita alikwenda mwenyewe, 1894. Hapo kumbukeni sotoka: ugonjwa ule wa ng'ombe uliingia bandari ya Massawa 1887 pamoja na ng'ombe wa jeshi la Italia, ukaimaliza mifugo ya Uhabeshi, ukaleta njaa kuu ya 1888 hadi 1892, halafu ukashuka mpaka kwa Wamasai huku kwetu na kuwafilisi. Shewa haikuwa na ng'ombe wa kulimia. Wolaita walikuwa nao. Mfaransa mmoja aliyefuatana na msafara huo aliandika alichokiona, na si maandishi ya kusomewa watoto: mfalme Tona alijeruhiwa na kutekwa, na maelfu kwa maelfu ya ng'ombe na watu wakaswagwa kuelekea kaskazini. Mwaka mmoja na kidogo baadaye ikawa Adwa. Kaffa ilifuata 1897. Mfalme wake wa mwisho, Gaki Sherocho, alijificha msituni miezi kadhaa kabla ya kukamatwa, na hakurudi tena kukitawala kiti chake.

Ndiyo maana nasema Adwa ililipwa na Kusini. Kila tukiimba ushindi ule, tunaimba bunduki zilizonunuliwa kwa pembe, kahawa na watu wa mataifa ambayo hayakuulizwa kama yangependa kuchangia.

Na wengi wao walichanga zaidi ya mali. Farasi wa Waoromo walikuwako Adwa. Balcha Safo, aliyesifika kwa mizinga siku ile, alikuwa mtoto aliyeokotwa majeruhi katika vita vya kusini na kulelewa katika nyumba ya mfalme. Habte Giyorgis, aliyekuja kuwa waziri wa vita mwaka 1907, naye alikuwa mateka wa vita hivyo hivyo akiwa kijana. Watetezi wa Menelik huyataja majina haya kuonyesha kwamba hakubagua. Ni kweli hakubagua kwa vyeo. Mtu akijifunza Kiamhara, akabatizwa na akatumikia, alipanda. Nami nayataja kwa sababu nyingine. Waliopigana Adwa ni pamoja na waliotekwa, basi Adwa si mali ya ukoo wa mtu wala ya kabila moja. Ni yao pia, na wana haki ya kusema bei yake.

Sasa nije kwa nyanya yangu.

Alikuwa Mburji. Kwa wasiowajua, Waburji ni wakulima, kwao asili ni milima ya kusini mwa Uhabeshi upande wa kaskazini wa Waborana. Leo mtawakuta Moyale na Marsabit, na mboga nyingi za soko la Marsabit zimepita mikononi mwao. Wengi walivuka kuja Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita wakikimbia kitu kilichoitwa gabbar.

Mfumo ulikuwa hivi. Nchi ikishatekwa, askari hakulipwa mshahara, kwa kuwa hazina haikuwa na fedha. Alilipwa kwa watu. Askari wa kawaida alipewa kaya kadhaa, mkubwa wake makumi, mkubwa zaidi mamia. Kaya hizo ndizo gabbar. Askari ndiye neftenya, kutoka neno neft, bunduki kwa Kiamhara. Gabbar alimpa neftenya wake sehemu ya nafaka, asali na siagi. Alimkatia kuni na majani ya farasi, alimjengea nyumba na ua, alimlimia, alimbebea mizigo safarini. Mke wa gabbar alimsagia.

Hili la kusaga ndilo nyanya alilirudia. Mama yake alisaga mara mbili: mchana nafaka ya nyumbani, usiku nafaka ya nyumba ya askari. Jiwe la kusagia ni la kupigia magoti. Unalisukuma kwa uzito wa mwili mzima, mbele na nyuma, unga unakusanyika kwenye ngozi iliyotandikwa ukingoni. Unga wa askari ulipimwa kwa kibuyu, na kibuyu kilikuwa chake yeye, si chao. Kikikua mwaka hata mwaka, hakuna wa kumwuliza. Magoti ya yule mama, nyanya alisema, yalikuwa magumu kama kisigino. Usiku waliokimbia walibeba watoto, mbegu ndani ya kitambaa, na hawakubeba jiwe.

Walikimbilia wapi? Hapa naomba mtulie. Walikimbilia upande wa Waingereza. Mpaka ambao serikali ya Menelik na Waingereza walikubaliana mwaka 1907 ndio waliouruka. Wafugaji wa Kiborana na Wagabra nao walivuka kwa sababu hizo hizo. Waafrika walitoka katika dola ya Kiafrika iliyo huru, ile iliyompiga mzungu, wakaingia kwenye koloni la mzungu ili wapumue. Sisemi hivyo kumsifu Mwingereza. Wilaya ya Mpakani Kaskazini aliitawala kama boma la kufungia watu, na makovu yake tunayo. Nasema tu kwamba watu hupima utawala kwa kilichomo kwenye kibuyu.

Kuna hoja nzito dhidi yangu, nayo nitaieleza kwa nguvu zake zote maana imeniletea usingizi mchache. Inasema hivi: kama Menelik asingeitwaa nchi ya kusini, ingetwaliwa na Italia au Uingereza. Hapakuwa na nafasi ya tatu. Kwa hiyo aliwaokoa.

Nakubali nusu. Mwaka 1891 Menelik aliwaandikia wakuu wa Ulaya waraka akisema kwamba, ikiwa mataifa ya mbali yanakuja kuigawana Afrika, yeye hatakaa kando kutazama. Akataja mipaka anayoidai: hadi Khartoum, na hadi Ziwa Nyanza pamoja na nchi yote ya Waoromo. Someni tena: Ziwa Nyanza. Ni lile la Kisumu, Mwanza na Entebbe. Ninyi ndugu wa Mwanza mnaonitumia picha yake, ramani ya madai yake iliishia kwenye ufuo wenu. Alikuwa mwanasiasa wa zama zake, na alijua kwamba asiyegawana atagawanwa.

Nusu nisiyoikubali ni neno "aliwaokoa". Kila aliyekuja kututawala alisema afadhali yeye kuliko mwingine. Mwingereza alisema amekuja kutuokoa na biashara ya watumwa. Kama hoja hiyo hatuikubali kinywani mwa Lugard, yule mkoloni wa Kiingereza, hatuwezi kuikubali kinywani mwa mtu mwingine kwa sababu tu rangi yake ni yetu. Tena Menelik mwenyewe alionyesha kwamba njia nyingine ilikuwepo. Jimma ya Abba Jifar wa Pili ilikubali kulipa kodi bila vita, na ikaachiwa mambo yake ya ndani hadi mfalme yule alipofariki miaka ya 1930. Kwa hiyo kuunganishwa bila kugawiwa askari kama ng'ombe kuliwezekana.

Hoja ya pili husemwa kwa wepesi zaidi: kila taifa limejengwa kwa upanga, hata Shaka alimwaga damu, yaliyopita yamepita. Swali langu ni moja. Yalipita lini?

Mfumo ule haukuisha na Menelik aliyefariki 1913. Ulibadilika sura. Chini ya Haile Selassie majina na sheria vilibadilishwa, ardhi ikaandikwa hati, na hati zikawa za mwenye bunduki na wajukuu zake. Mwenyeji akabaki mpangaji katika shamba la baba yake, akitoa theluthi ya mavuno, mahali pengine nusu. Wanafunzi wa Addis Ababa waliandamana 1965 wakidai ardhi kwa mkulima. Mwaka 1969 mmoja wao, Walleligne Mekonnen, kijana wa Kiamhara kutoka Wollo, aliandika kwamba ili uitwe Mhabeshi kamili ilibidi uvae sura ya Mwamhara. Mwamhara ndiye aliyesema, si adui. Mfalme aling'olewa Septemba 1974, na ardhi ilitaifishwa tarehe 4 Machi 1975. Hesabuni wenyewe: mzee wa miaka 75 leo alikuwa kijana wa makamo ya kuoa siku ile. Aliwahi kumbebea mwenye ardhi mavuno kwa mgongo wake. Hayo si ya kale. Huyo mzee bado anakunywa kahawa yake barazani.

Ndipo utaelewa kwa nini sanamu ya shaba inaweza kuitikisa nchi. Ilizinduliwa 1930, wakati Haile Selassie anatawazwa. Waitaliano walipoingia miaka ya 1930 waliing'oa, kwa sababu iliwakumbusha Adwa. Walipoondolewa 1941 ikarudishwa. Kwa hiyo imeshang'olewa mara moja, na walioing'oa walikuwa wakoloni halisi. Hilo peke yake linanifanya nisite kushika nyundo.

Juni 2020 mwimbaji wa Kioromo Hachalu Hundessa alisema katika mahojiano kwamba farasi anayeonekana chini ya Menelik ameporwa kwa Waoromo. Kama wiki moja baadaye, tarehe 29 Juni, akapigwa risasi Addis Ababa akafa. Siku zilizofuata watu zaidi ya 160 waliuawa. Wengine walipigwa risasi na vyombo vya dola. Wengine, hasa Arsi na Shashemene, waliuawa na makundi ya vijana kwa kuwa ni Waamhara au Wakristo wa Orthodoksi. Maduka na nyumba zao zikachomwa. Huko Harar sanamu ya Ras Makonnen, baba yake Haile Selassie, iliangushwa.

Hapa nawageukia ndugu zangu wa Kioromo, na naongea kama mtu wa damu ya kusini. Neno neftenya lilikuwa la mtu mwenye bunduki na hati ya watu. Leo linatupiwa mama wa Kiamhara anayelima mahindi Wellega, ambaye familia yake ilihamishiwa huko na serikali kwa ajili ya ukame wa miaka ya 1980, asiyemiliki hata ng'ombe wawili. Juni 2022, Tole wilayani Gimbi, watu wa namna hiyo waliuawa kwa mamia kwa siku moja. Yule mama hana kibuyu cha kumpimia mtu unga. Aliyemwua hakulipa kisasi cha gabbar yeyote. Aliua maskini mwenzake. Na kumbukeni kwamba si kila neftenya alikuwa Mwamhara: majeshi ya Shewa yalijaa Waoromo, na Ras Gobana Dacche, aliyemtekea Menelik nchi nyingi kuliko jemadari mwingine, alikuwa Moromo.

Ndugu zangu wa Kiamhara nao wana sikio la kutega. Wako vitani na serikali ya Abiy Ahmed tangu 2023, vijiji vyao vinapigwa kwa ndege zisizo na rubani, na wanaona kila kilio chao kinajibiwa na jina la Menelik kana kwamba wao ndio aliowaachia urithi. Naelewa uchungu huo. Lakini wanapodai sanamu ya Anole ibomolewe, wanakosea. Anole ni Hetosa, Arsi. 2014 ilijengwa pale nguzo ya mkono ulioshika titi lililokatwa, kwa sababu Waarsi wanasimulia kwamba baada ya vita ya 1886 majeshi yaliwakata wanaume mikono ya kuume na wanawake maziwa. Wako wanaosema ni uzushi wa kisiasa. Jibu langu: baada ya Adwa, askari weusi wa Italia waliotekwa, mamia, watu wa Eritrea na Tigray, walikatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto, na hilo halina anayelikana. Adhabu ya kukata viungo ilikuwepo. Waarsi wameisimulia kwa vizazi vinne. Mtu hawezi kuwaambia wasahau huku yeye anapiga saluti farasi wa shaba.

Basi msimamo wangu. Menelik abaki Piassa. Anole ibaki Hetosa. Lile jumba la kumbukumbu ya Adwa lililofunguliwa Addis Ababa Februari 2024 liwe na chumba kinachoonyesha bunduki zilitoka wapi na zililipwa kwa nini, kwa majina ya nchi: Arsi, Harar, Wolaita, Kaffa, Burji, Borana. Na serikali, iwe ya nani, iseme bungeni kwa lugha zote za nchi kwamba gabbar ilikuwepo, ilikuwa dhuluma, na iliisha 1975. Haijawahi kusemwa hivyo kwa heshima, na mkuu wa nchi akiwa amesimama. Fidia ya fedha sidai. Nani atamlipa nani?

Nyongeza, baada ya kusoma majibu yenu.

Mkuu wa Dodoma ameandika kwamba wazungu ndio wanaochochea haya ili Afrika ikose shujaa. Mkuu, nyanya yangu hakujua kusoma. Hakuna mzungu aliyemfundisha habari za kibuyu.

Dada wa Minneapolis, Moromo, amenikemea kwa kutumia "Uhabeshi", akisema Habeshi ni watu wa kaskazini, si yeye. Nakubali ana haki. Kiswahili kilirithi neno hilo kutoka kwa Waarabu zamani sana na hatukumwuliza mtu. Vilevile pwani yetu iliwaita Waoromo "Wagala", jina wanalolichukia, na bado wazee wa Lamu na Tana huwaita Waorma hivyo. Yule Krapf tunayemkumbuka kwa kamusi ya Kiswahili alifika Mombasa 1844 akitafuta njia ya kuwafikia hao hao Waoromo kutoka kusini, baada ya mlango wa Shewa kufungwa kwake. Alishajifunza lugha yao alipokuwa kwa Sahle Selassie, babu yake Menelik. Na Menelik alizaliwa mwaka huo huo wa 1844. Kuanzia sasa nitaandika Ethiopia.

Kaka wa Addis, ambaye lugha yake ya heshima imenigusa, ameuliza: "Ukiweka chumba hicho kwenye jumba la Adwa, mtoto wangu atatoka pale akijivunia nini?" Kaka, atajivunia waliopanda vile vilima usiku ule, wote. Akiambiwa kwamba katika safu ile walikuwemo watu ambao miaka michache kabla walikuwa wamechomewa vijiji na jeshi lile lile, na bado walikwenda, hatapungukiwa na fahari. Mimi ingekuwa mwanangu, ningetaka ajue.

Kijana wa Isiolo amesema sanamu ianguke tu, maneno yatosha. Mdogo wangu, ikianguka usiku mmoja, asubuhi yake atakayelipa ni yule mama wa mahindi wa Wellega. Tumeshaona 2020.

Nawaomba jambo moja, hasa ninyi wa Moyale, Mega, Yabello, Sololo, Marsabit, na walioko ng'ambo wenye wazazi wa Wolaita, Kaffa, Sidama na Arsi. Mwenye mzee aliyekuwa mtu mzima kabla ya 1975 amwulize alitoa nini, kwa nani, kwa kipimo gani, kisha aandike hapa. Jina la mzee msiliweke, wala la mwenye ardhi. Wajukuu wa pande zote mbili wako hai na wanaoana. Wekeni mahali, mwaka kama unajulikana, na vitu.

Naanza mimi. Burji, kabla ya 1920. Nafaka, vibuyu saba kila mwezi, imesagwa. Kuni, mzigo mmoja kila siku ya pili. Asali, mtungi mmoja kwa mwaka. Mkwe mmoja alikwenda kubeba mizigo ya safari upande wa Sidamo, hakurudi. Jiwe la kusagia liliachwa mlangoni.